Bibi akiulizwa habari za kwao anajibu "palikuwa pazuri tu". Mjukuu aulize nini, na arekodi vipi?

Mdadisi

Wakuu salaam. Naomba maelekezo ya kiutendaji, si ya kutia moyo.

Bibi ana miaka 83. Aliondoka kwao akiwa na miaka 17, hakurudi tena, na nchi yenyewe siku hizi ina mipaka na majina mengine. Mjukuu wake wa miaka 12 ameamua kumrekodi kwa simu. Jaribio la kwanza limezaa dakika sita: "Palikuwa pazuri tu, mjukuu wangu," kisha friji inanguruma mpaka mwisho. Kijiji anachokitaja hakimo kwenye ramani ya simu. Anachanganya lugha mbili, ya kwao na ya huku, na miaka anaihesabu kwa matukio: mwaka wa nzige, mwaka jua lilipozimika mchana. Juu ya hayo, masikio yamepungua.

Tuanzie wapi?

Sikio

"Tusimulie kuhusu kwenu" ni swali kubwa mno kwa mtu yeyote. Anayeulizwa hivyo inabidi akusanye miaka 17 katika pumzi moja, na kinachotoka ndicho hicho mlichopata. Bibi hajakataa kusema. Amejibu sawasawa na alivyoulizwa.

Mjukuu aanzie mlangoni. "Bibi, ukisimama mlangoni kwenu, umetazama nje, mkono wa kushoto kuna nini?" Kisha kulia. Kisha arudi kwenye mlango wenyewe: ulikuwa wa mbao au wa bati, ulifungukia ndani au nje, usiku ulifungwa kwa komeo au kwa kuegemezwa gogo, na nani aliufunga? Hapo kwenye "nani" tulieni. Dakika moja iliyopita Bibi alikuwa anaeleza mbao. Sasa ametokea mtu mwenye jina, mwenye kikohozi chake na saa yake ya kulala. Kutoka mlangoni fuateni njia moja tu kwa siku: ya kwenda kuteka maji, ya shule, ya kwa rafiki yake. Njia ina mpangilio wake, kila kona ina kitu chake, hivyo mtoto hana haja ya kubuni maswali mapya. "Ukipita hapo, kinafuata nini?" linatosha kwa nusu saa nzima.

Umri pia uangalieni. Watafiti wa kumbukumbu wamekuta mara nyingi kwamba watu wazima, hasa waliovuka miaka 40, hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo ya kati ya miaka 10 na 30. Kwa Bibi, hiyo ni miaka saba ya mwisho kwao, safari yenyewe, na miaka ya mwanzo ugenini. Chimbeni hapo kwanza. Mkitaka utoto wa chini zaidi, maneno hayafui dafu, tumieni harufu. Kumbukumbu zinazoamshwa na harufu huwa nyingi ni za miaka kumi ya mwanzo ya maisha. Udongo mkavu uliomwagiwa maji, moshi wa kuni, sabuni ya kipande, mafuta ya taa kwenye kitambaa. Mpeni anuse bila kumwambia ni nini, na kinasa sauti kiwe kimeshawashwa.

Kosa linaloharibu zaidi ni swali lenye jibu tumboni. "Mliogopa sana, eti Bibi?" Akikubali, hutajua kama ni hofu yake au ni yako. Mwaka 1974 watafiti wa saikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali. Wengine wakaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", wengine "yalipobamizana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye kundi la "yalipobamizana", 16 kati ya 50 walisema ndiyo. Kwenye kundi la "yalipogongana", 7 kati ya 50. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Kitenzi kimoja tu, na walioulizwa hawakuwa wazee. Kwa hiyo mjukuu asiulize "mliogopa?" Aulize "siku hiyo nani alikuamsha?"

Akinyamaza, mtoto ahesabu kumi kimoyomoyo. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mtu wa miaka 12, maana kumi ni ndefu ajabu mkiwa mmetazamana. Mpeni daftari na penseli: swali likimwasha aliandike, asilitamke. Kuitikia iwe kwa kichwa, si "enhee" kila sentensi, kwa sababu "enhee" hiyo itakaa juu ya neno la Bibi milele.

Mawimbi

Nami niongee ya sauti. Simu inatosha, shida ni umbali. Mahali pasipo mwangwi, kila umbali ukizidi maradufu sauti inapungua kwa desibeli 6. Simu iliyowekwa mita moja toka mdomoni inapokea desibeli 12 pungufu ya iliyowekwa sentimita 25, na friji haijapungua hata kidogo. Ndiyo maana mmerekodi friji.

Nunueni au azimeni kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo. Kibanwe kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na mkufu na mtandio, kwa sababu kitambaa kikisugua kinasikika kama mtu anatafuna karatasi. Mkikosa, wekeni simu juu ya vitabu viwili au vitatu karibu na Bibi, chini yake taulo lililokunjwa, na upande wenye maiki umwelekee yeye. Mjukuu akisikika kwa mbali si neno.

Chumba kiwe na pazia, zulia au godoro. Jikoni penye vigae hapafai kabisa. Zimeni feni na televisheni, toeni saa ya ukutani. Friji izimwe pia, na ufunguo wa nyumba uwekwe ndani ya friji. Hamtatoka bila kuukuta, na mkiukuta mtakumbuka kuiwasha. Simu iwe kwenye hali ya ndegeni, la sivyo simu moja ikiingia programu nyingi hukata kurekodi kimyakimya.

Programu ikiruhusu, chagueni WAV (faili ya sauti isiyobanwa), 48 kHz, biti 24, mkondo mmoja. Saa moja inakula kama megabaiti 520, basi angalieni nafasi kabla ya kuanza. Kipimo cha sauti kicheze juu kabisa kwenye desibeli −12 (kikomo ni 0). Kikigonga nyekundu, sauti imekatika kichwa na hakuna fundi wa kuirudisha. Ikiwa ndogo kidogo, inapandishwa baadaye. Jaribuni sekunde 30, vaeni spika za masikioni, sikilizeni, ndipo muanze. Wengi huruka hatua hii, kisha wanakuja kuuliza namna ya "kusafisha" sauti.

Sekunde za mwanzo mjukuu ataje tarehe, mahali, nani yupo chumbani. Dakika 45 mpaka 60, basi. Faili ipewe jina palepale, mwaka ukitangulia, kwa mfano 2025-03-14_bibi_02, ili zijipange zenyewe. Halafu nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Nakala mama isikatwe wala kupunguzwa. Mkitaka vipande vya kutumiana, kateni kwenye nakala ya pili. Na ujumbe wa sauti wa WhatsApp si hifadhi: unabanwa mno. Mkituma humo, tumeni faili kama hati.

Mdadisi

Asanteni sana. Mkuu Mawimbi, video je? Mjukuu anaitaka, anasema sauti tupu inachosha.

Mawimbi

Kwa kikao cha kawaida sishauri. Mtu akiona kamera anakaa wima na kuhutubia. Kuna mahali pamoja ambapo video inashinda sauti: Bibi akichora. Wekeni karatasi kubwa, A3 au mbili ndogo zilizogundishwa, simu ikae juu ikitazama chini, ipige mikono na karatasi tu. Aanze na mlango uleule aliousema Sikio, aweke alama katikati ya karatasi, si pembeni, maana ataishiwa nafasi upande wa mtoni. Mkono ukichora huku anasema "hapana, kisima kilikuwa huku", hiyo video ndiyo ya kuhifadhi.

Sikio

Napingana kidogo na mkuu. Kama Bibi anaeleza kazi za mikono, kusuka, kufunga mzigo, kubeba mtoto mgongoni, video ni lazima. Hakuna maandishi yatakayoonyesha fundo. Lakini usoni, nakubali, kamera iondoke.

Uuguzi

Masikio. Usikivu wa uzeeni hupotea kuanzia sauti nyembamba, na konsonanti kama s, f, t, sh ndiko ziliko. Irabu zinabaki. Mzee anasikia kwamba unaongea, ila "shamba" na "tamba" kwake ni kitu kimoja. Sauti ya mtoto ni nyembamba kiasili, kwa hiyo mjukuu ndiye msemaji mgumu kuliko wote hapo nyumbani. Kupiga kelele hakusaidii, kunavuruga maneno zaidi. Ashushe sauti iwe nzito, apunguze mwendo, akae usawa wa macho umbali wa mita moja, na mwanga wa dirisha uwe usoni kwa mtoto, si nyuma yake, ili Bibi aone midomo. Asipoelewa, msilirudie swali kwa maneno yaleyale. Lisemeni kwa maneno mengine. Kama ana mashine ya masikio, betri ikaguliwe kabla.

Wakati mzuri ni ule ambao kwa kawaida yuko macho na amekula, mara nyingi asubuhi. Glasi ya maji iwe karibu. Na neno "unakumbuka?" liondoeni kabisa, kwa sababu linageuza mazungumzo kuwa mtihani, na kwa mzee anayeanza kusahau ni mtihani anaojua atafeli. Badala yake mtajieni kitu: "Ile njia ya kisimani…" kisha nyamazeni.

Lugha muachieni. Kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, mambo ya karibuni hutangulia kupotea na ya zamani hudumu zaidi, na wengine hurudi kwenye lugha ya utotoni. Hata asiye mgonjwa, jambo lililotokea kwa lugha fulani hulisimulia vizuri zaidi kwa lugha hiyo. Mjukuu asipoelewa, asimkatize atafsiri. Kurekodi kunaendelea, tafsiri itafuata siku nyingine, Bibi mwenyewe akisikiliza na kueleza. Kikao hicho cha pili nacho kirekodiwe, maana humo huongeza aliyoyasahau.

Dira

Nimechelewa, ila la kijiji naliweza.

Msitafute jina, tafuteni majina. Mji wa Lviv, Ukraine, umeitwa Lemberg, Lwów, Lvov na Lviv, kutegemea nani alikuwa anatawala. Léopoldville ikawa Kinshasa mwaka 1966, Lourenço Marques ikawa Maputo mwaka 1976, Salisbury ikawa Harare mwaka 1982. Chemnitz ya Ujerumani iliitwa Karl-Marx-Stadt tangu 1953 hadi 1990, kisha ikarudi jina la kale. Kama miji mikubwa iko hivyo, kijiji ndio usiseme. Mwambieni Bibi alitamke jina mara tatu taratibu, mliandike kama linavyosikika, kisha muulize: jirani wa lugha nyingine walipaitaje? Serikali iliandikaje? Sokoni watu walisema wanatoka wapi? Mara nyingi "kijiji" cha mtoto ni kitongoji, na ramani ina jina la kijiji kizima au la kituo cha reli kilichokuwa karibu.

Kisha pimeni. Akisema walitembea kutwa mpaka mtoni, mtu mzima huenda kama kilomita 4 hadi 5 kwa saa, na mwenye mzigo na watoto kama kilomita 3 kwa saa. Kwa saa nane zenye mapumziko chukueni kilomita 20 hadi 25. Jua la asubuhi lilikuwa usoni au mgongoni? Hapo mmepata upande. Mto, milima aliyoiona mlangoni, reli: vitu hivi havibadilishwi jina na kuhama kwa pamoja. Kwenye ramani chora duara toka mtoni na tazama ndani yake.

Kama kijiji hakipo tena, kuna hazina ambayo wengi hawaijui: picha za setilaiti za kijasusi za Marekani za mradi wa Corona, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kuondolewa usiri mwaka 1995. Zinapatikana kwenye tovuti ya EarthExplorer ya shirika la jiolojia la Marekani, na zile ambazo zimeshaskaniwa hupakuliwa bure. Zilizo bora huonyesha kitu cha mita mbili hivi, yaani paa na njia zinaonekana. Wekeni ramani aliyochora Bibi kando ya picha. Umbali wake utakuwa na makosa, kwa sababu mtoto hukuza kila kitu. Mpangilio wa vitu kwa kawaida huwa wa kuaminika kuliko umbali: kisima kabla ya mti, mti kabla ya daraja.

Miaka nayo. "Jua lilipozimika mchana" ni bahati kubwa kwenu. NASA, shirika la anga la Marekani, wana orodha ya kupatwa kwa jua ya miaka 5,000 pamoja na ramani ya kila kivuli. Muulizeni kama nyota zilionekana. Zikionekana, jua lilipatwa lote, na ukanda wa kivuli hicho ni mwembamba, mara nyingi chini ya kilomita 270. Hapo mnapata tarehe mpaka dakika, na kijiji lazima kiwe ndani ya ukanda. Nzige ni kazi zaidi kwa sababu huja miaka kadhaa mfululizo. Mlinganishe na kitu kingine: alikuwa ameng'oa meno ya mbele? Nani alikuwa mchanga mgongoni kwa mama?

Angalizo la kalenda. Urusi ilitoka 31 Januari 1918 moja kwa moja kwenda 14 Februari, na kalenda ya Ethiopia iko nyuma kwa miaka saba au minane. Tarehe ya kuzaliwa kwenye karatasi za uhamiaji ikisoma 1 Januari, mara nyingi ni karani aliyejaza. Hata saa: anayehesabu saa tangu kucha, akisema "saa tatu asubuhi", mtafsiri asiyejua huandika 3 badala ya 9.

Mdadisi

Dira, umenifungua. Maswali mawili ya mwisho. Akifika kwenye siku ya kuondoka sauti inakatika na machozi yanatoka. Mjukuu hajui aendelee au azime. Na kuna picha tano za zamani zimegandia kwenye albamu ya kunata.

Uuguzi

Machozi peke yake si sababu ya kuzima. Mtoto anyamaze, aguse mkono kama ndivyo walivyozoeana, kisha Bibi ndiye aulizwe: "Tuendelee au tupumzike?" Hilo "au" ni muhimu, lisiwe "tuendelee, eh?" Zimeni mkiona anatetemeka, anapumua haraka, au anaongea kana kwamba yuko kule sasa hivi na haitikii jina lake. Kiini cha siku hiyo msikichimbe na mtoto akiwa peke yake. Mtu mzima awepo, si tu kwa ajili ya Bibi. Pangeni jambo zito liangukie katikati ya kikao, mmalizie mlangoni na kisimani, na isiwe usiku karibu na kulala. Akisema "hili lisitoke humu", liandikwe kwenye faili hiyo kwa saa na dakika, na lisitoke.

Kama kuna ndugu aliyepotezana naye siku hiyo na anataka kumjua, Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu wana huduma ya kutafuta ndugu, bila malipo. Watahitaji jina kamili na majina mengine aliyoitwa, jina la baba na la mama, umri, na mahali na wakati walipoonana mara ya mwisho. Ulizeni hayo manne kwenye kikao kimoja, asirudishwe huko mara nne.

Sikio

Kabla sijasahau: kuandika saa moja ya sauti neno kwa neno huchukua saa nne hadi sita kwa aliyezoea, kwa mtoto zaidi. Atachoka wiki ya pili na mradi utakufia hapo. Aandike faharasa tu: kila dakika tano mstari mmoja, wenye majina ya watu na mahali. "12:40, kisima, shangazi, ndoo iliyotoboka." Neno la lugha ya kwao liandikwe kama lilivyo, tafsiri pembeni.

Dira

Picha: kwanza skani ukurasa mzima wa albamu kabla hujagusa kitu, 600 dpi (nukta 600 kwa inchi), faili ya TIFF, ambayo haipotezi ubora wa picha. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno usio na nta, upitishe chini ya kona, uvute kushoto na kulia kama msumeno, polepole, picha ikiwa imelala na si kukunjwa juu. Msitumie maji wala kikausha nywele. Ikitoka, skani na mgongo wake, maana mhuri wa studio huwa na jina la mji. Maelezo yaandikwe nyuma kwa penseli laini, pembeni kabisa. Kalamu ya wino hupenya na kuacha mchoro mbele. Karatasi ya picha ikiwa na utando wa plastiki penseli haishiki, basi andikeni kwenye bahasha yake.

Ikigoma kona ya kwanza, iacheni ilipo. Mlishaiskani.